Kanzu ya Ijumaa ya Bwana Mmadi

Vijana wa ofisi ya daftari, mlinifanyia tafrija nzuri, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa. Mkaniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukiandikisha wapiga kura zamani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa na kusomeshwa Unguja, na wazazi Wangazija, na hii ndiyo lugha ninayoiandika bila kumwomba mtu radhi. Kingazija changu mnakijua. Mmekicheka miaka yote, na mimi nimewaacha mcheke kwa sababu nilikuwa mkubwa wenu.

Vyeo vyangu sitavisimulia. Nilipanda mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa makosa ya karani. Nitawaambia habari ya rula ya mbao iliyo kwenye droo yangu ya zamani, ile mnayodhani ni ya kupigia mende.

Ilikuwa miaka ya askari wa kukodiwa. Wale Wazungu wenye sare nyeusi walikuwa wamezoeleka Moroni kama mtu anavyozoea jino bovu: hawapendwi, ila kila mtu anajua wapi pa kutogusa. Kuhusu nani atashinda uchaguzi, mara nyingi habari ilitufikia kabla ya masanduku. Sitawadanganya, mko watu wazima. Lakini daftari lilikuwa letu. Nani yumo, nani hayumo, anaitwa nani na anakaa wapi, hayo tuliyaandika sisi kwa mkono wetu, na tuliyaandika kweli.

Niliajiriwa kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mwanamke. Makarani wanaume waliishia mlangoni, na wanawake wa mji walikuwa ndani, kwa hiyo nusu ya wapiga kura ilikuwa haionekani. Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana vidole, nikapelekwa kwa katibu wa daftari, Bwana Mmadi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, kofia yake imenyooka kila wakati, na alikuwa akiandika jina la mtu polepole kama anayemnawisha mtoto uso. Alinipa rula na kalamu nyekundu.

"Jina la mtu halikwanguliwi, mwanangu," aliniambia. "Likitakiwa kutoka, unalipigia mstari kwa rula, lisomeke bado, kisha pembeni unaandika sababu na watu wawili wanatia saini. Mtu mmoja mara moja. Ukishika hilo, kazi yote umeishika."

Mengine nilijifunza mitaani. Aliyetimiza umri wa kupiga kura alete cheti cha kuzaliwa. Asiyekuwa nacho, na wengi hawakuwa nacho, alete mashahidi wawili wa mtaani wanaomjua tangu akibebwa mgongoni. Halafu unaandika jina la mama yake, kwa sababu majina yetu ni machache na tunayatumia mpaka yachakae. Bila jina la mama, mji mzima ni watu kumi. Mwisho unaandika nyumba anayokaa. Hapo kwenye nyumba ndipo nilipojikwaa.

Fomu yetu ilikuwa imechapwa kwa Kifaransa, na juu kabisa ilitaka mkuu wa kaya. Nikabisha hodi nyumba ya kwanza nyuma ya msikiti wa Ijumaa.

"Mkuu wa nyumba hii ni nani, mama?"

"Umemkuta," alisema yule mama.

"Namaanisha mumeo."

"Mume wangu yuko msikitini. Nyumba iko hapa."

Nikamwandika mume juu na mke chini yake, kama fomu ilivyotaka na kama ningefanya Unguja. Nilifanya hivyo siku tatu, mtaa mzima, na kila mama alinitazama kwa huruma, nikadhani ni kwa ajili ya viatu. Bwana Mmadi alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa karatasi ya kaboni. Alishinda na uso wa buluu mpaka alasiri na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Unguja mke huhamia kwa mume," alinieleza. "Hapa baba humjengea binti yake nyumba, na mume huja na sanduku lake la nguo. Ni mgeni wa heshima. Akiondoka anaondoka na sanduku, na nyumba haina habari."

Nikauandika mtaa upya. Mama juu, na mume chini yake: anakaa kwa fulani. Wale akina mama walinipokea mara ya pili kwa chai.

Sasa shida ya kazi yetu, ile ya kweli, ilikuwa wanaume wenye wake wawili. Mtu wa namna hiyo hukaa huku siku kadhaa na kule siku kadhaa, na mitaa yote miwili humwona ni wao. Lakini daftari lina nafasi moja. Orodha ikishakamilika inabandikwa kwenye bangwe, uwanja wa mji wanapokaa wakubwa, ili mwenye pingamizi aseme. Basi mwanamume aliyejiandikisha kwa mke mmoja amewatangazia watu wote nyumba ipi ndiyo kwake. Kalamu yetu ilikuwa inayasema mambo ambayo waheshimiwa hawa walikuwa wameyakwepa miaka ishirini. Ukimuuliza, "Unakaa wapi, bwana?" anatazama dari.

Dawa aliigundua Bwana Mmadi. "Usimuulize yeye," alisema. "Ingia ndani uulize kanzu yake ya Ijumaa iko wapi. Kanzu za kazi ziko kila mahali, ila ile ya Ijumaa ni moja. Ilipo ndipo anapokaa." Nilizunguka Moroni nikiuliza kanzu kama mshonaji aliyedhulumiwa. Haikukosea. Kulikuwa na mzee aliyekuja ofisini kuomba aandikwe kwa mke mdogo, nikamwonyesha kwamba amekwisha andikwa kwa mkubwa tangu juzi, akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, kumbe nimeshachagua."

Nilikuwa nikiipenda kazi hii kiasi cha kuchekacheka peke yangu njiani. Sijui kama inaruhusiwa kwa mtumishi wa serikali.

Ukaja uchaguzi wa madiwani. Huu ulikuwa na wagombea wa kweli, watu wanaojuana, waliosoma chuo kimoja, na mji ulichangamka. Siku moja Mzungu mmoja kutoka kambini akaingia ofisini na bastola kiunoni, akafungua daftari bila kuomba, akapitisha kidole kwenye kurasa kana kwamba anatafuta vumbi.

"Nasikia kuna majina yaliyoandikwa mara mbili," alisema kwa Kifaransa. "Likionekana moja, vitabu vyote vinakwenda kambini. Tutaviandika sisi."

"Halipo hata moja," alijibu Bwana Mmadi, na kofia yake haikutikisika.

Sisi sote tulijua kitabu kikiingia kule hakirudi, na kikirudi hakina watu, kina wapiga kura tu. Kwa hiyo Bwana Mmadi aliamuru madaftari ya Moroni yalinganishwe na ya Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, jina kwa jina, kabla ya kubandikwa. Akanituma mimi. Nikalifunga daftari kwa nailoni mara tatu, nikateremka bandari ya zamani, na kwa kuwa pale Moroni meli hutia nanga mbali, nikapelekwa kwa mashua nimelikumbatia. Nilitapika safari nzima. Daftari halikupata hata tone.

Mutsamudu meli inagusa gati, raha tupu. Wapagazi walinipigia kelele kwa Kindzuani, lugha ya kisiwa kile, nikaelewa nusu, na ile nusu ilikuwa inahusu rangi ya uso wangu. Karani wa pale alinikaribisha vizuri, tukakaa meza moja, yeye anasoma daftari lake na mimi natafuta kwenye langu. Siku ya pili mchana akasoma: "Mmadi, katibu wa daftari, mama yake Mwanaidi wa Ntsoudjini, anakaa kwa Zaliha."

Nilimwomba arudie. Kisha nikaomba chai. Nilikuwa nalijua jina hilo kwenye daftari langu, ukurasa wa kumi na mmoja, anakaa kwa Mama Echati, mke wake wa Moroni. Na hilo la Mutsamudu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, polepole, kila herufi imenawishwa uso.

Sote tulijua Bwana Mmadi ana wake wawili. Hakuwa mtu wa kuficha halali yake. Alikuwa amefanya kazi Mutsamudu miaka miwili, akaoa huko. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu aliyenipa rula alikuwa kwenye daftari mara mbili.

Nikaenda nyumbani kwa mke wake wa Mutsamudu, kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Bweni Zaliha, maana mwanamke wa heshima kule huitwa bweni, alikuwa amejipaka msindzano, ule unga wa msandali, uso mzima, nao ulikuwa haujakauka, kwa hiyo alizungumza bila kuchezesha mashavu.

"Kwezi, bweni," nilimsalimu kwa heshima.

"Mbona, mwanangu," aliitikia kama wanavyoitikia kule. "Karibu."

"Nimekuja kuuliza kanzu ya Ijumaa ya Bwana Mmadi iko wapi."

Alinitazama sana. Kisha akafungua kabati. Ilikuwa humo, imepigwa pasi, imekunjwa na asumini ndani. Nami nilikuwa nimeiona nyingine, kwa macho yangu, inaning'inia kwa Mama Echati.

"Nani anauliza?" alisema. "Wewe au daftari?"

"Daftari, bweni."

"Basi liambie daftari hivi. Siku alipoandika jina lake nilikuwa nimesimama nyuma yake. Likifutwa huko Moroni, nitakupikia wali wa nazi mpaka ushindwe kuinuka. Likifutwa hapa, aje achukue sanduku lake. Atalikuta mlangoni."

Akataka kutabasamu, msindzano ukapasuka kwenye shavu, akanilaumu mimi.

Nilirudi Moroni zikiwa zimebaki siku tano orodha zibandikwe. Nilimkuta Bwana Mmadi peke yake ofisini, nikafunga mlango, nikaweka mbele yake karatasi mbili nilizonakili jina lake, la huku na la kule. Hakukana. Alivua kofia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukiona kichwa chake.

"Nilikuwa na nia ya kufuta moja," alisema.

"Lipi, Bwana Katibu?"

Akatazama dari. Naapa, nilijizuia. Niliuma ukingo wa mtandio. Lakini dari ile ile, na macho yale yale ya wateja wetu wote, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye makaratasi, na yeye akaanza kucheka huku akisema hakuna cha kuchekesha.

"Yule wa kambini simwogopi," alisema alipopata pumzi. "Mama Echati ndiye."

"Na kura umekuwa ukipiga wapi miaka yote hii?"

Kicheko kikamwisha. "Sijapiga," alisema. "Nikipiga huku, nimechagua. Nikipiga kule, nimechagua. Kila uchaguzi najipangia kazi kisiwa ambako sitaulizwa. Nimefungua masanduku tangu wewe hujazaliwa, mwanangu. Sijawahi kutia karatasi hata moja."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Na ilikuwa wazi kilichokuwa mbele yetu: tukiyaacha yote mawili, Mzungu atayaona na daftari litakwenda kambini, tukifuta moja, mzee huyu atakuta sanduku mlangoni, na uzee wake wote atautumia akiomba radhi. Alinisukumia rula. "Futa wewe," alisema. "Mimi nitatia saini nimefumba macho."

Nilikuwa bado nimeishika hewani mlango ulipofunguliwa, akaingia Mama Echati na chakula cha mchana cha mumewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, ambaye hata alipobisha hodi alikuwa ameshaingia. Nikazikalia zile karatasi. Akapakua, akamkaripia mumewe kwa kukaa bila kofia, kisha akakumbuka jambo.

"Idd hiyo inakuja, Mmadi. Joho la marehemu baba yako lianikwe jua, litaliwa na nondo. Nenda mwenyewe Ntsoudjini. Mama yako hampi mtu ufunguo, hata mimi."

Akaondoka na sahani. Mimi na Bwana Mmadi tukatazamana. Joho ndilo vazi kubwa la mwanamume katika mji wetu. Mbele yake kanzu ya Ijumaa ni shati la kazi. Na halikuwa Moroni wala Mutsamudu.

"Sheria inaruhusu mtu aandikwe kwenye nyumba ya mama yake," nilisema.

"Naijua sheria," alisema, akaivaa kofia. "Niliifundisha."

Gari la ofisi siku hiyo lilikubali kuwaka. Koko, kama wote walivyomwita bibi yule, mama yake Bwana Mmadi, tulimkuta kwenye mkeka akichambua karafuu, mkavu, macho makali. Tulimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua atarudi," alisema. "Wanarudi wote. Haya, andikeni. Lakini mwenye nyumba ni nani?"

"Ni wewe, Koko," nilisema, maana somo hilo nilikuwa nimelipata.

"Basi nianze mimi."

Ndipo tulipogundua kwamba mama wa katibu wa daftari hajawahi kuandikishwa maisha yake yote. Mwanawe alikuwa hajamuuliza. Cheti hakuwa nacho, na mashahidi waliomjua akibebwa mgongoni walikuwa wamekwisha zikwa wote. Tukawaita majirani wawili wazee, na wote wawili walicheka, kwa sababu Koko alikuwa mkunga wa mji na ndiye aliyewapokea wao. Nikaandika hivyo hivyo: mashahidi wanathibitisha kuzaliwa kwake kwa kuwa yeye amethibitisha kuzaliwa kwao. Kisha chini ya jina lake nikaandika: Mmadi, katibu wa daftari, anakaa kwa mama yake. Bwana Mmadi alikuwa na miaka sitini na miwili.

Jina la ukurasa wa kumi na mmoja nikalipigia mstari kwa rula, mwekundu, ulionyooka, na pembeni kwenye nafasi ya sababu nikaandika: amerudi kwa mama. Kwa Mutsamudu nilipeleka telegramu: FUTENI MMADI KATIBU SABABU AMERUDI KWA MAMA. Karani wa posta ya kule aliisoma kwa sauti mbele ya foleni. Nilisikia baadaye kwamba ilifika bandarini kabla hajaikunja.

Orodha zilipobandikwa, Mama Echati alikwenda bangwe, akatafuta, hakumwona mumewe, akaja ofisini kama mvua. Nikamfungulia daftari la Ntsoudjini. Alisoma, akasoma tena, akakaa kwenye benchi la wateja, na kicheko chake kilifanya watu wa barabarani wasimame. Jioni ile alituma furushi kwa mkwewe. Ndani ilikuwamo kanzu ya Ijumaa, na ujumbe: anayekaa kwa mama yake afuliwe na mama yake. Meli iliyofuata ikaleta furushi la pili, lenye asumini, na ujumbe ule ule, ungedhani wake wenza hawa wamekaa kikao. Koko alizitundika zote mbili kando ya joho, akasema sasa kabati limejaa, asiongeze mke.

Yule Mzungu alirudi kama alivyoahidi. Alipitisha kidole kurasa zote, akasimama ukurasa wa kumi na mmoja kwenye ule mstari mwekundu, akataka atafsiriwe maneno ya pembeni. Nikamtafsiria. Aliniuliza kama hiyo ni sababu ya kisheria.

"Hapa kwetu, bwana," nilisema, "haina rufaa."

Alilifunga daftari akaliacha mezani.

Siku ya kura nilipangwa meza ya Ntsoudjini, kazi yangu ni kukagua kadi na kutangaza. Koko alikuja wa kwanza, ameshikwa mikono na majirani wale aliowazalisha, na msindzano usoni kama bibi harusi. Nilimpa karatasi za wagombea na bahasha, nikamweleza aingie nyuma ya pazia, atie moja kwenye bahasha, nyingine azikunje aondoke nazo. Alikaa huko mpaka foleni ikaanza kukohoa.

"Mmadi," alimwita mwanawe, aliyekuwa kwenye foleni, kutoka nyuma ya pazia, "huyu mwenye jogoo ndiye nani?"

"Siwezi kukujibu, mama. Huko ni wewe na bahasha yako."

"Umekuwa mkubwa siku hizi," alisema, akatoka, akatia bahasha mwenyewe kwenye sanduku, akachovya kidole kwenye wino, akakataa kukifuta.

Kisha ikawa zamu ya Bwana Mmadi. Alikuwa amevaa joho, siku ya kazi, na hakuna aliyecheka. Alinipa kadi kwa mikono miwili kama vile hajui inavyofanyika. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka upesi. Alikuwa na miaka mingi ya kufikiri. Bahasha ikaanguka sandukuni. Nikatangaza, kama alivyonifundisha, kwa sauti ya kufika mlangoni: "Mmadi, mwana wa Mwanaidi, amepiga kura."

Hakuondoka. Alisimama pale, kidole chenye wino amekiinua mbali na joho, foleni nzima nyuma yake.

"Sema tena, mwanangu," aliniambia.

Nikasema tena.